Karatasi za Sabuni ya Manjano

Mama Njeri tulimzika Jumamosi, na Jumatatu asubuhi karani wa kaunti alikuwa tayari mlangoni kwake hapa Mbotela akiuliza ufunguo. Nyumba hizi za baraza la jiji hazijui matanga. Nikamwambia, "Bwana, ngoja hata udongo ukauke," naye akanitazama kwa ile huruma ya watu wa ofisi, akanipa hadi Ijumaa. Basi nikajifunga leso kiunoni, nikaingia peke yangu kufungasha. Hakukuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Mama Njeri alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ni Njeri, rafiki yangu, ambaye nilikwenda naye Chicago kutembea nikarudi bila yeye. Nimefundisha chekechea miaka ishirini, nusu ya vijana wa mtaa huu nimewashika mkono wakijifunza kuandika a na e, lakini nikipita dukani bado nasikia wakinong'ona, "Ndiye yule Zaituni wa Amerika." Siwalaumu. Mimi mwenyewe nikijitazama kwenye kioo, huyo ndiye ninayemwona.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mdomo mwingi, kazi sina. Kampuni moja ya sabuni, ambayo siku hizi haipo, ilitangaza shindano. Utume karatasi ishirini za sabuni ya kufulia, ile ya kipande kirefu cha manjano, pamoja na fomu yenye jina lako na jina la mwenzako wa safari. Ukishinda, wewe na mwenzako mnapelekwa Amerika siku kumi, kutembea. Kutembea tu! Si kusoma, si kutunza wazee, si kutafuta maisha. Mtaa mzima ulicheka. Nani mwenye akili anapanda ndege kwenda kuangalia majumba, halafu anageuza anarudi? Mama Njeri ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa anawafulia watu nguo, ameketi pale nyuma ya nyumba karibu na bomba kutoka jua linapochomoza, karai kati ya magoti, na viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa sabuni hata akikushika unahisi mikwaruzo. Karatasi zote ishirini zilitoka kwake. Alizinyoosha kwa ukucha, akazianika ukutani, akanipa. "Andika wewe," akasema, "mwandiko wa Njeri hata Mungu hausomi." Nikaandika jina langu juu. Chini, palipoandikwa mwenzako wa safari, nikaandika Njeri. Ilikuwa haki yake kwa sababu karatasi zilikuwa za mama yake. Nimekaa na haki hiyo maisha yangu yote.

Tulishinda. Sitaeleza vigelegele. Nitakachoeleza ni jinsi watu walivyoanza kutuaga, maana hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Sisi watu wa hapa hatujui kumuaga mtu anayerudi. Tulisema siku kumi, wao wakasikia milele. Jirani aliniuliza ndala zangu namwachia nani. Wamama wa kanisa walikuja kumwekea Njeri mikono kichwani, na shehe wetu alinisomea dua ndefu ambayo mara ya mwisho niliisikia tukimsindikiza jamaa aliyekwenda Uarabuni. "Mkifika msijuane na watu wabaya," mzee mmoja akatuambia, "na mkipata kazi msisahau mtaa." Nikamwambia, "Mzee, tunaenda kuangalia majumba." Akanikonyeza. Wote walikuwa wanatukonyeza. Nilidhani ni mzaha wa mtaa, mpaka nilipokwenda kwa Njeri siku tatu kabla ya safari nikakuta kitanda chake hakipo.

Chumba chao nilikijua kuliko chetu. Pazia la maua katikati, upande huu meko na meza, upande ule vitanda viwili. Siku hiyo upande wa Njeri ulikuwa mtupu, na sakafuni kulikuwa na alama nne nyeupe pale miguu ya kitanda iliposimama tangu tukiwa watoto. Mama Njeri alikuwa anafagia hapo. Alikuwa amekwisha kupafagia, nadhani, lakini aliendelea tu. "Amempa binti wa jirani," akaniambia bila kuinua kichwa. "Na godoro. Na cherehani. Anasema atanunua vingine akirudi. Wewe unaamini, Zaituni?" Nikasema Njeri anapenda vitu vipya. Akaweka ufagio chini, akanishika kifundo cha mkono, mikwaruzo ile. "Mnatoka wawili," akasema. "Mrudi wawili. Nisikie kwa kinywa chako." Nikasema, "Tutarudi wawili, Mama." Nilisema haraka haraka, kama mtu anayejibu salamu.

Na kulikuwa na ule mzigo. Mtu wa Eastlands, upande wetu huu wa Nairobi, akipanda ndege hapandi peke yake, anabeba mtaa mzima: majani chai ya huyu kwa dada yake, maharagwe ya njahi ya yule kwa mtoto wake. Sisi tulikataa mingi, tukabaki na mmoja, wa mtu anayeitwa Sam. Njeri alisema ni mtu wa kwetu, namba yake aliipata kwa watu wa kanisani, wamekuwa wakiongea kwa simu miezi kadhaa, mtu mzuri sana, atatuzungusha mji. Mama Njeri hakuwahi kumwona Sam wala kumsikia, lakini mtoto wa mwenzake yuko ugenini, basi akanunua ulezi, ule tunaouita wimbi, akauchagua punje kwa punje, akaupeleka kusagwa mwenyewe na kusimama pale kinuni mpaka mwisho wasije wakauchanganya na mahindi. Akaufunga kwa karatasi, kisha kitambaa, kisha kamba ya katani. Chumba chote kikanukia. "Akiunusa huu," akasema, "atakumbuka mama yake, na mtu akikumbuka mama yake hawezi kuwatendea vibaya." Ndivyo alivyokuwa anatulinda huyo mama. Hakuwa na kingine cha kutulinda nacho.

Tulishuka Chicago asubuhi ya baridi ambayo ilitungojea mlangoni kabisa. Pale kwenye foleni afisa alituuliza tumekuja kufanya nini, nami nikajibu kwa fahari, "Kutembea," na kwa mara ya kwanza neno hilo likawa na maana. Njeri alitazama viatu vyake. Hotelini walitupa chumba ghorofa ya tatu, vitanda viwili vikubwa ambavyo kila kimoja kingelaza familia, na dirisha lisilofunguka. Nilijaribu kulifungua siku ya kwanza, nikajaribu siku ya pili. Sijawahi kulala mahali ambapo hewa inatoka kwenye tundu la ukuta na huwezi kusikia mtu akimwita mtoto wake nje. Chakula cha asubuhi kilikuwa mayai yasiyo na chumvi na nyama nyembamba iliyokaangwa ambayo sikuigusa, na chai yao, aki, ni maji yenye aibu. Tulikuwa tumebeba majani yetu, tukayachemsha kwenye ile mashine yao ya kahawa, tukakaa kitandani tunakunywa tukicheka, na kwa dakika chache nilidhani nimekosea kuogopa.

Mchana tulizungushwa. Mama mmoja mzee mwenye mwavuli mwekundu aliongoza kundi letu, na tukamfuata kama vifaranga. Tulipanda mashua mtoni tukapita kati ya majengo yaliyosimama majini. Tulisimama kando ya ziwa lisilo na ng'ambo. Treni zilipita juu ya vichwa vyetu kwa vyuma vinavyolia, nami kila mara nilijikunja, na Njeri akanicheka, "Manze Zai, unatuaibisha!" Nilipiga picha kila kitu. Lakini nikizitazama leo picha hizo, naona jambo ambalo wakati ule sikuliona: hakuna hata moja ambayo Njeri anatazama jengo. Anatazama nyuma yake, barabarani, kwenye magari.

Siku ya tatu nilimsikia bafuni. Walikuwa na simu hadi bafuni, watu hao, ukutani kando ya choo. Alifungua bomba ili nisisikie, lakini maji ya kule hayana kelele kama ya kwetu. "Hapana, huyu mwingine hajui," alikuwa anasema. "Pasipoti ninayo. Lazima nije nayo?" Akasikiliza jibu. "Sawa. Kama ndiyo utaratibu." Alipotoka nilikuwa nimejifunika shuka kichwani, najifanya nimelala mchana. Nilimsikia akisimama kando ya kitanda changu. Nilidhani ataniambia. Alirekebisha shuka miguuni pangu, akaenda kukaa dirishani.

Sam alikuja siku ya nne, tukamkuta pale chini kwenye makochi. Mwanamume nadhifu wa miaka arobaini hivi, sauti laini, glavu nyeusi. "Karibuni sana, dada zangu," akasema, na Kiswahili chake hakikuwa na mahali, si cha Nairobi, si cha Pwani, si cha bara. Nilimuuliza kwao ni wapi akasema, "Huko huko kwetu." Nikamkabidhi mzigo kwa mikono miwili na salamu zote za Mama Njeri. Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo jambo ambalo nimelibeba. Mtu wa kwetu akipokea mzigo wa nyumbani, kitu cha kwanza hunusa. Hawezi kujizuia. Nimeona maprofesa wakifanya hivyo, nimeona mtu mzima na suti yake akigeuka kando aufiche uso akinusa mfuko wa unga. Sam hakuvua glavu. Alisema ahsante, akauweka mzigo sakafuni kando ya kiatu chake, akaendelea kumwuliza Njeri kama analala vizuri. Na alipoondoka, akiwa ametangulia na Njeri kwenda kumwonyesha mtaa, mzigo ulibaki pale pale. Nilikimbia nao hadi mlangoni. Gari lilikuwa limekwenda.

Njeri aliporudi jioni nilikuwa nimeuweka mezani, nikaungoja uzungumze kwa niaba yangu. "Ameusahau," akasema. "Hakuna mtu anayesahau unga wa kwao," nikasema. "Njeri, huyo si mtu. Hata hakunusa!" Akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. "Una wivu," akasema. "Umezoea kuwa wewe ndiye mwenye bahati. Safari yako, shindano lako, mimi mwenzako tu. Kuna kazi pale kwa mtu anayejua kushona, Zai. Kuna chumba. Wewe rudi ukachote maji bombani." Nilikuwa na maneno mengi na nikayachagua yale mabaya zaidi. "Basi kaa," nikamwambia. "Kaa, tuone." Hatukusemezana siku mbili. Tulipanda mnara mrefu kila mtu upande wake. Na kila asubuhi alivaa koti lake akionekana mnene, nami kwa ujinga wangu nilifikiri ni baridi. Alikuwa anavaa magauni mawili, matatu, anakwenda kuyaacha mahali, anarudi na moja. Sanduku lake lilikuwa linakwisha mbele ya macho yangu.

Asubuhi ya kuondoka alikula yai lake lote. Akasema anashuka kununua pipi za njiani. Nilipoinua sanduku lake nilisogeze mlangoni lilipaa mkononi, nikaanguka nyuma. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kichwa tu, kipya, cha kumpelekea mama yake. Nikakimbilia dirishani. Gari la Sam lilikuwa chini, mlango wa nyuma wazi, na Njeri amesimama mbele yake na mkoba wake kifuani. Ndani tayari alikuwepo mwanamume mwingine, akisogea kumpisha. Na hapo Njeri alisita. Haki ya Mungu, alisita. Alirudi nyuma hatua moja, akageuza uso juu akatafuta madirisha, akihesabu ghorofa kwa macho. Nilipiga kile kioo kwa viganja, nikamwita mpaka koo likachanika, na kioo hakikutoa hata ufa. Sam alimwekea mkono mgongoni, taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Njeri akaingia. Nilipofika chini, kwa ngazi, miguu mitupu, palikuwa na yule mama wa mwavuli mwekundu akiniuliza kama tuko tayari.

Ungefanya nini wewe? Nimeulizwa, na nimejiuliza. Ningepiga kelele. Ningeita polisi. Lakini ndani ya kichwa changu kulikuwa na mtaa mzima ukinikonyeza: mtu akibaki, humtaji, huulizi, usije ukamchomea akakamatwa. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyofanya. Nikamwambia yule mama kwamba mwenzangu ameshatangulia uwanja wa ndege. Ule mzigo nikautia kwenye pipa la chumbani, maana singeweza kurudi nao. Unga ukamwagika kidogo, chumba chote kikanukia Mbotela.

Walikuja kutupokea basi zima. Walipoona natoka peke yangu mtu akapiga kelele, "Amebaki! Njeri amebaki! Mjanja huyo!" na vigelegele vikapasuka pale uwanjani hata askari wakageuka. Walinibeba juu. Mama Njeri alikuwa nyuma yao, na gauni lake la kanisani. Hakushangilia. Alisubiri mpaka waliponishusha, akanishika kifundo cha mkono, akauliza jambo moja. Nilikuwa nimejiandaa aniulize mbona nimerudi mmoja. Akaniuliza, "Yule kijana aliupokeaje mzigo?" Nikamtazama usoni. "Aliunusa, Mama," nikasema. "Aliunusa, akalia." Akafumba macho, akashusha pumzi ambayo nadhani aliishikilia siku zote kumi. "Basi yuko kwa mtu," akasema.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, na haikuwa ndogo. Kwa sababu ya uongo ule hakuna aliyemtafuta Njeri. Barua moja ilikuja, fupi, mwandiko wake mbaya ule ule, akisema ana kazi na wasihangaike. Simu moja ikaja sikukuu ya Krismasi, akamwambia mama yake ameshiba, na mama yake akasikia mtu akikohoa karibu na simu. Baada ya hapo, kimya. Kila nilipotaka kusema tuulize, Mama Njeri mwenyewe alinituliza, "Yuko kwa mtu aliyenusa unga wa kwao, ana shughuli tu." Tulipoanza kuuliza ilikuwa imepita miezi minane. Namba ya Sam haikulia. Kanisani hakuna aliyewahi kumwona, kila mmoja alipewa namba na mwingine. Tulizunguka maofisi hadi makarani wakatujua kwa majina. Hadi leo hatujui kama Njeri yuko juu ya ardhi au chini yake.

Na Mama Njeri aliendelea kufua. Alizeeka pale bombani. Kitu kimoja tu aliniomba miaka yote hii, nami nilikichukulia kuwa kichaa kidogo cha uzee: "Zaituni, ukinunua sabuni ya manjano, usitupe karatasi." Nilimpelekea. Nilidhani anawashia jiko. Mara kwa mara, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, angeuliza, "Ulisema aliunusa, siyo?" Nami ningejibu, "Ndiyo, Mama." Mwezi uliopita hospitalini, sauti imebaki uzi, aliuliza tena. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu, hapakuwa na mtu wa kutusikia, na nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba leo nitasema. "Ndiyo, Mama," nikasema. Alinitazama muda mrefu, akanipapasa mkono.

Ijumaa asubuhi, kabla karani hajaja, nilivuta pazia la maua. Ule upande wa Njeri haukuwahi kuwekewa kitanda kingine. Pale kwenye zile alama nne kulikuwa na sanduku la bati. Nilidhani ni nguo. Zilikuwa karatasi za sabuni, zimenyooshwa kwa ukucha, zimefungwa ishirini ishirini kwa kamba ya katani, mafungu hadi juu. Shindano lile lilifanyika mara moja tu, mwaka ule, na kampuni ilikufa miaka mingi iliyopita. Yeye alikuwa anangoja litangazwe tena. Hakuwa na fomu, kwa hiyo aliandika nyuma ya karatasi ya juu ya kila fungu, kwa ile hati yake ya kubahatisha, maneno yale yale kila fungu. Jina: Mama Njeri, Mbotela. Mwenzangu wa safari: Zaituni. Na chini yake, mahali ambapo fomu haikuwahi kuuliza chochote, alikuwa ameandika: kwa sababu yeye anaijua sura ya yule mtu asiyenusa.